Rangga na samaki wa ukweni

Euis, weee! Rangga ametoka kujitambulisha kwa kina Lilis sasa hivi, amelowa chapachapa 😭

Si unajua baba mkwe, Mzee Wahyudin, hakuna anachokipenda kama lile tangi lake la samaki wa Ziwa Nyasa, linalojaza ukuta mzima wa sebule? Kaka yangu akajifanya mjanja. Mama kamfungia peuyeum, ule muhogo wake wa kuchachusha, yeye kaiacha mezani, kabeba samaki mwekundu kwenye mfuko. Kufika tu, mbele ya mashangazi wote, akammwaga tangini. Akammwaga, Euis! Bila kuuliza!

Dume la bluu likatoka pangoni, likamvamia mgeni kama mgambo. Mapezi yakachanika. Lilis akafunika uso. Rangga akajua mke ndiyo basi tena.

Mzee akamchota mgeni kwa wavu, akakunja mikono ya batiki yake.

“Kijana, kila jiwe humu lina mwenyewe. Ukileta mgeni, unapangua mawe yote kwanza. Wote wakipoteza kwao, nani atamfukuza mwenzake?”

Wakapangua wote wawili. Samaki akarudishwa, dume likampita kama halimwoni.

Rangga kasimama anachuruzika maji, anangoja kufukuzwa. Mzee akageukia sebule. “Haya, inukeni wote!” Akaanza kuhamisha viti, mpaka kile chake ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Mashangazi wameduwaa, hawajui wakae wapi!

“Kaa popote, mwanangu.”

Na lile zuzu letu likaenda kukalia kile kile cha mzee. Kile kile, Euis!

Mzee akavuta stuli, akaagiza chai.