Mke wa Devasya Alizikwa Majini

Kadavumpuram,
9 Julai 1983

Kwa mdogo wangu Kurian,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Leelamma na watoto. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na joto la Kuwait liwe limewaachia nafasi ya kuvuta pumzi. Sisi huku mvua haijakatika tangu mwisho wa Mei. Paa la jikoni linavuja, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mguu wangu unauma kama kawaida yake. Mwili wangu mzima. Moyo ndio uliochafuka, na mmoja wa waliouchafua ni wewe. Kwa hiyo kaa chini kwanza, usiisome barua hii umesimama.

Nimepata barua yako ya mwezi uliopita. Unampongeza binamu yetu Avira, katibu wa kamati ya kanisa, kwa kile ulichokiita kulinda urithi wa Mtume Tomaso. Maneno hayo umeyapigia mstari chini. Nimeyasoma mara tatu, na mara zote tatu mkono ulinisisimka kama zamani, nilipokuwa nikikuzaba vibao kwa kuwamwagia kuku maji. Najua Avira alikuandikia nusu ya habari. Nusu nyingine hii hapa.

Unamkumbuka Devasya. Huwezi kumsahau, maana alikubeba mabegani mafuriko yalipoingia shuleni. Ana miaka sabini na tano sasa, na bado hupandikiza mpunga katika shamba letu. Mimi nimemwita Devasya tupu maisha yangu yote, na yeye ameniita bibi mdogo tangu nikinyonya. Ndivyo tulivyolelewa. Yeye ni Mpulaya, mababu zake walikuwa wakiuzwa pamoja na shamba, jembe na fahali, na ubatizo haukubadilisha chochote ila jina. Kanisani husimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mvua ikimpiga mgongoni.

Lakini katika parokia hii hakuna mtu anayemjua Mtume Tomaso kama yeye. Nilikuwa msichana mdogo nilipomsikia akiimba zile nyimbo za zamani huku maji ya shamba yakimfika magotini. Nilikaa kwenye tuta na mwavuli wangu wa majani, na kila akimaliza mstari alisimama kunieleza. Aliniambia watu wanamwonea Tomaso kwa kumwita mwenye shaka. Aliniuliza ni nani, Bwana alipotaka kurudi kule walikotaka kumpiga mawe, na wenzake wote wakaingiwa na baridi, ni nani aliyesema basi twendeni na sisi tukafe naye? Ni Tomaso huyo huyo. Mtu aliyekwisha kukubali kufa na rafiki yake, alisema Devasya, akiambiwa rafiki amefufuka hataridhika na habari za mdomoni. Atataka kutia kidole katika kidonda. Huo si ukaidi, ni mapenzi.

Aliniambia pia jinsi Mtume alivyofika nchi hii, kama wazee wanavyosimulia. Hakutaka kuja. Alisema India ni mbali na lugha haijui. Ndipo Bwana akamuuza kwa mfanyabiashara, akaja kama mtumwa aliyenunuliwa, na msumeno wake wa useremala begani. Mfalme akampa mali amjengee jumba, naye akaigawa yote kwa wagonjwa na wenye njaa. Mfalme alipouliza jumba liko wapi, akajibiwa kwamba liko mbinguni, na limekwisha kuezekwa. Hapo Devasya alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Halafu siku moja alisema neno ambalo sikulielewa kwa miaka mingi: "Bibi mdogo, mtu aliyeuzwa ni wa kwetu. Leo Mtume angetua hapa na msumeno wake, mngemwambia apite mlango wa nyuma."

Sasa sikiliza. Tarehe nne Juni mkewe Mariam alifariki. Homa ya siku tatu tu. Unajua mikono ya Mariam ilifanya nini katika nyumba hii: ilimkanda Mama alipojifungua wewe, ilimwosha Mama alipokufa. Asubuhi ile ile Devasya alikwenda kwa kamati akiwa amevaa shuka safi. Hakulia. Alisema Wapulaya huzikwa kule bondeni nyuma ya ukuta, na mwezi Juni bonde ni ziwa. Aliomba futi sita tu za sehemu ya juu ya makaburi, pembeni kabisa, chini ya mti wa fenesi, mahali ambapo hapamzuii mtu.

Mimi nilikuwamo kwenye kikao hicho, kwa sababu naandika kumbukumbu za kamati. Avira alimwambia sehemu ya juu ni ya familia zilizobatizwa kwa mkono wa Mtume mwenyewe, na familia hizo zinajulikana kwa vitabu vyao vya ukoo. Akaenda kabatini, akatoa kitabu chetu. Kitabu cha ukoo wetu, Kurian, kile ulichokitengenezea sanduku la kioo. Akakifungua mbele ya yule mzee akamsomea vizazi sitini, kuanzia yule Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, aliyechotewa maji na Mtume, jina kwa jina. Kisha akamuuliza: "Na wewe Devasya, kitabu chako kiko wapi? Au mchwa wamekila?" Wakacheka. Waliocheka ni watu wanaokula mchele aliopanda yeye.

Devasya hakumtazama Avira. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, wala si kwa hasira, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikainamisha kichwa nikaandika katika kumbukumbu: ombi limekataliwa.

Kesho yake tulimzika Mariam bondeni. Nasema tulimzika, lakini neno hilo si la kweli. Vijana walichimba, shimo likajaa maji. Wakachota kwa ndoo, likajaa tena. Walipoteremsha jeneza, likaelea. Umewahi kuona jeneza linaelea, wewe unayepiga mistari chini ya maneno? Lilizunguka shimoni kama mtumbwi uliokatika kamba. Wanaume wanne walilikandamiza kwa mianzi na binti yake Kunjola akipiga kelele kwamba wanamchoma mama yake. Mwishowe wakarundika mawe juu yake mpaka likazama. Padre Lukose, yule kijana mgeni, alisoma sala huku sauti ikimkatika. Avira hakufika, alikuwa na mafua. Devasya alisimama na maji magotini, kama anavyosimama shambani, na hakuimba.

Wiki mbili baadaye barua yako ikaja, na pongezi zako.

Kurian, nina jambo la kukuambia ambalo nimelificha miaka thelathini na nne. Kile kitabu nilikiandika mimi.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Dada yetu Achamma alikuwa amechumbiwa na nyumba kubwa ya ng'ambo ya mto, na wale watu wakauliza kama sisi ni wa ubatizo wa Mtume. Baba alijibu ndiyo, kisha akarudi nyumbani jasho likimtoka. Akaleta daftari kuukuu alilopewa na karani wa mahakama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Alinitajia majina matatu ya kwanza akachoka, akaniambia niendelee mwenyewe. Nikaendelea. Nikachukua jina la mwalimu wangu wa hesabu, nikachukua la muuza samaki. Babu wa saba, Itti Pappi, yule unayewasimulia wanao kwamba alipigana na maharamia, ni beberu wetu. Alikuwa akifungwa nyuma ya zizi. Kisha nikazichovya kurasa katika chai nzito, nikakitundika kitabu juu ya moshi wa jiko mvua zote zile, na Baba akakipeleka kanisani kimefungwa kwa hariri.

Baba aliniambia ukweli siku ile ile, ili niujue na ninyamaze. Babu yetu alikuwa mchukuzi wa mizigo pale kivukoni, hana kwao. Alibatizwa na padre mpita njia, akiwa mtu mzima mwenye ndevu, Jumapili moja na baba yake Devasya, maji yale yale, wakipokezana kata moja. Huo ndio Ubrahmini wetu. Na mimi niliyajua hayo yote nilipoinamisha kichwa katika kikao. Hasira niliyo nayo juu yako na Avira ni kubwa, lakini niliyo nayo juu yangu haina kipimo. Ningelifumbua kinywa wakati ule, Mariam angelala pakavu.

Jumapili iliyopita, tarehe tatu, ilikuwa sikukuu ya Mtume. Kanisa lilijaa hadi uani. Padre Lukose alipomaliza misa, kabla watu hawajakimbilia mikate ya mchele, nilitoka upande wa wanawake nikasimama mbele. Nilisema kama nilivyokuandikia wewe: daftari, chai, moshi, kivuko. Avira aliruka akasema dada yake amechanganyikiwa, ndiyo matokeo ya mwanamke kuzeeka bila mume. Nikamwambia akitoe kitabu, asome babu wa saba. Hakutaka. Padre akakitoa yeye, akasoma. Hapo Rahel mjane wa mwenye kinu, aliye na miaka themanini, akapasua kicheko: "Pappi! Si yule beberu aliyenitafunia kambani nguo ya harusi ya binti yangu?" Wazee wakaanza kukumbuka mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine walitoka wametuna. Watu wa Achamma waliondoka bila kuniaga, na sidhani kama watakanyaga tena kwetu.

Nilimfuata Devasya nje. Nilitaka kumpigia magoti, lakini akanizuia. Akaniambia alikuwa akijua. Baba yake alimsimulia habari za kivukoni zamani sana. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya kamati. Akajibu: "Ningesema mimi, ingekuwa Mpulaya anatukana waungwana. Lile lilikuwa lako kulisema, nami nilikungoja." Nikalia. Hakunibembeleza. Akasema: "Umechelewa wiki nne, Saramma. Mke wangu bado yuko majini." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Kamati ilikutana Jumatatu ikasema mambo ya makaburi yataangaliwa baada ya mvua. Baada ya mvua! Jumatano nikaenda kwa Padre Lukose, nikamwambia katika kaburi la familia yetu, lile ulilolilipia marumaru, kuna nafasi moja ubavuni mwa Mama, nayo ni yangu, na mtu huweza kutoa kilicho chake. Kisha akasema Ijumaa atavuka mto kutembelea wagonjwa kuanzia asubuhi, na ufunguo wa lango huwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sakristia.

Basi jana, mchana kweupe, tukamtoa Mariam. Devasya, wanawe wawili, Kunjola na mimi. Tulimwaga maji kwa zamu tukaondoa mawe. Sitakueleza harufu. Nilishika pembe ya jeneza na matope yakanifika kiunoni, na tulipopanda ule mteremko watu walitoka majumbani kututazama. Avira alikuja mbio na mwavuli, akasimama langoni akisema nitamkuta mahakamani, nimeinajisi mifupa ya wazazi wangu. Nilimwambia mifupa ya Mama inamfahamu Mariam kuliko inavyomfahamu yeye. Kisha Rahel akaja na mkongojo wake, akamwambia Avira asogee, anazuia njia ya maiti. Akasogea.

Tulipomaliza kufukia, Devasya aliimba. Sauti yake imekwisha, lakini aliimba wimbo wote, tangu Mtume kuuzwa mpaka mkuki ulipompata mlimani akisali. Watu waliokuwa ukutani hawakuondoka.

Sikuandikii kukuomba ruhusa, Kurian, wala msamaha. Nakuarifu. Mwezi wa Desemba ukija likizo, ukienda kumwashia Mama mshumaa, utamkuta na mwenzake. Ukitaka kumtoa, njoo na jembe lako, nami utanikuta nimeketi juu yake. Jina lake litachongwa kwenye yale marumaru yako, na fundi nimekwisha kumpata. Mimi nikifa, nipelekeni bondeni. Kama itakuwa Juni au Januari Mungu ndiye ajuaye, na huenda mkahitaji mianzi. Mtakaoishika ni wewe na Avira.

Wasalimie watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda, na uwaambie wewe mwenyewe habari za babu wa saba kabla sijawaambia mimi. Msalimie sana Leelamma. Mwambie yale mafuta ya mguu yaliisha. Ndama tumempa jina la Rahel. Mungu awalinde huko ugenini, na wewe akutie haya. Nayo ni neema.

Mimi dada yako, ambaye bado ni dada yako,

Saramma