Barua Ambayo Sikuifikisha

Dada Odessa,

Vumilia mwandiko. Moyo wangu umechoka. Daktari amemwambia binti yangu, na yeye, nesi anayejua kuwafariji wagonjwa wote wa Maryland, ameshindwa kunificha. Basi nina jambo la kukuungamia kabla hatujaonana.

Kwanza habari. Shamba lipo. Farasi bado wanapita kwenye njia yetu. Malkia, yule farasi wako jike mzee, amepofuka jicho moja, lakini bado anawauma asiowapenda. Watu wanaogopa kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitazima, lakini Malkia hajali. Jirani wa ng'ambo ya kijito naye ametia sahihi hati kama yako: ardhi yake haitajengwa, si na yeye, si na atakayeinunua. Kwa majirani wengine, wasiotia sahihi, bado nazunguka kila majira ya baridi kuomba upya farasi waruhusiwe kupita, kila mlango na mkate wake wa mahindi, kama ulivyonifundisha, kwa sababu ruhusa ya mdomo hufa na mwenye ardhi. Mwaka huu nilibaki garini, binti yangu akapiga hodi. Hakuna aliyekataa. Mmoja alilalamika kwamba mkate hauna sukari.

Unakumbuka siku uliyonipa farasi? Nilikuwa nimekufundisha Kiswahili darasa la jioni mwaka mzima, ukasema sasa ni zamu yako kunifundisha kitu. Ukaniwekea hatamu za Malkia mkononi, ukatangulia na farasi wako mwingine. Nami nikamwongoza kwa miguu, maili sita, vijito viwili, bila kupanda. Uliporudi kunitafuta ulinikuta na matope hadi magotini.

"Mwalimu," ukasema, "huyu hubeba watu."

Ulicheka mpaka ukashika mti. Hukujua kwamba baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu huko Molo, na mtoto wa saisi hushika hatamu, hapandi. Nilipokueleza uliacha kucheka. Ukainama, ukafumbata viganja nikavikanyaga, ukanipandisha. Nilikuwa na miaka sitini na saba.

Nilikuambia pia kwamba kwetu ardhi ya farasi ilikuwa ardhi waliyofukuzwa watu, na sikuwa na hamu ya kuhangaika na malisho ya matajiri. Ukanijibu huku unakwangua kwato, bila kuinua kichwa, kwamba ardhi hii aliinunua babu yako, aliyezaliwa mtumwa. "Wamejaribu kututoa. Hatujatoka." Tangu hapo nilikuwa upande wako. Hati ilipoandaliwa, maelezo ya njia niliyaandika mimi, kila lango na kila kivuko. Wenzetu wapanda farasi waliijua njia kutoka juu ya tandiko. Mimi niliijua kwa miguu.

Sasa lile jambo.

Ulitia sahihi. Kisha ukalazwa hospitali, na Clifton, mwanao wa pekee, akakaa kando ya kitanda siku tatu akikuambia uwauzie wajenzi shamba, kwamba watu wanahitaji nyumba. Wanahitaji. Mimi naishi Langley Park, watu sita vyumba viwili. Nani atanifundisha haja ya nyumba? Lakini ramani ya wajenzi niliiona. Zilikuwa nyumba za gereji tatu tatu. Hakuna mtu wa jengo letu ambaye angeingia humo, labda kufagia.

Siku ya nne ukaniita, ukanipa barua ya mkono wako. Ilimwambia mwanasheria asiiandikishe hati.

"Nimechoka kugombana na mtoto wangu, Mwalimu. Ipeleke kabla ya saa sita, hawajaiandikisha."

Niliipeleka mpaka Rockville, mabasi mawili. Nikaketi kwenye benchi mkabala na ofisi ya mwanasheria, mkoba mapajani, barua ndani ya mkoba. Nikawatazama watu wakiingia na kutoka mpaka saa saba. Kisha nikarudi. Hati ikaandikishwa.

Jioni uliniuliza, "Ulifika Rockville?"

"Nilifika," nikasema.

Ukanibana mkono, ukashukuru. Keshokutwa yake ukafa, ukiamini umepatana na mwanao.

Odessa, kwa shamba siombi radhi. Nimejaribu, hata kanisani, kwa magoti haya mabovu, na maneno hayaji. Miaka arobaini uliipigania ardhi ile, halafu nikubali siku tatu za homa ziifute? Sikuwa na haki. Najua. Kama miguu ingenifikisha, leo hii ningeketi tena kwenye benchi lile.

Ila kuna Clifton. Ulimwambia umeisitisha hati, na baada ya mazishi akakuta imeandikishwa. Anaamini mama yake alimdanganya akiwa anakufa. Hajakanyaga kaburi lako tangu siku tulipokuzika, na mimi nimenyamaza, nikimwacha akuchukie wewe badala yangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hilo, na lile neno moja nililokujibu ukiwa huna nguvu ya kuniuliza mara ya pili. Kwa hayo mawili nisamehe. Kwa lile la shamba, tutagombana nikija.

Nimempigia simu. Atakuja Jumamosi. Alitaka kujua ni kuhusu nini. Nikamwambia ni kuhusu mama yake, akauliza barabara ya kufika kwetu. Nitampa barua yako asome mwandiko wako mwenyewe, ajue kwamba ulimsikiliza, na kwamba aliyemshinda ni bibi mmoja wa Molo. Sitalia mbele yake wala sitajitetea. Akiuliza kama hati inaweza kutenguliwa, nitamjibu haiwezi, nami nafurahi haiwezi. Akimaliza kunitukana, nitamwomba anipeleke kaburini kwako kwa gari lake, twende wote.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, dada, na nitaitimiza hata wakinibeba. Pumzika. Clifton akitaka kunishitaki, afanye haraka.

Mwalimu wako