Faili la Babu Chini ya Godoro

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nimeficha faili la ofisi chini ya godoro langu, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa.

Nimemaliza shule mwaka huu nikapata kibarua katika ofisi ya malalamiko dhidi ya polisi, kazi yangu ni kuingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta, namba kwa namba, ili Ijumaa ijayo rejista ifunguliwe na mwananchi yeyote asome nani alilalamikiwa na kesi iliishaje, nami nilikuwa nachapa tu mpaka nikafika namba 213, nikaona jina la babu.

Babu ndiye aliyenilea. Alikuwa askari, na kila asubuhi tulikaa kizingitini tukipiga viatu kiwi, yeye buti zake, mimi vya shule, akisema, "Sugua, mjukuu wangu, mpaka uyaone meno yako," nami nachekea kiatu na pengo langu, kisha ananishika mkono hadi getini, na mpaka leo nikisikia harufu ya kiwi naona niko darasa la kwanza na hakuna baya litakalonipata. Faili linasema mwaka uleule alimpiga kofi mama mmoja fundi cherehani, pale kituoni, kwa kuuliza mumewe amekamatwa kwa kosa gani. Sikio la kushoto likafa. Alishtaki, kesi ikatupwa kwa kukosa shahidi.

Nikairuka 213, nikaandika 214. Kesho yake mama huyo akaja kaunta, akanigeuzia sikio la kulia. "Binti yangu, langu limeshaingia? Nataka wajukuu wangu wasome kwamba sikusema uongo."

"Bado, mama."

"Haya. Nimengoja miaka kumi na mmoja, wiki moja haitaniua."

Shangazi, nitamwaibishaje babu uzeeni? Na yule mama nitamtazama vipi? Lolote utakalojibu, nakusihi, siri hii ibaki kwetu.

*

Binti yangu,

Jina lako nitalifunika. Faili siwezi, maana si siri yako wala yangu, ni sikio la mtu.

Pole, mzigo huu hukujitwika wewe. Lakini ile "bado" yako umejitwika mwenyewe. Na akili gani hiyo, kuruka namba? Kati ya 212 na 214 hata mlevi ataona pengo!

Jumapili chukua kiwi, kaa na babu pale kizingitini. Mwambie, "Babu, Ijumaa faili la yule fundi cherehani litasomwa, nimetaka ulisikie kwangu." Akifoka, nyamaza. Akilia, usiondoke. Jumatatu wahi ofisini, mkabidhi msimamizi faili, ungama, uombe mwingine alichape. Wakikufukuza, pokea.

Asubuhi zile ni zako, rejista haitazifuta. Mkono uliokupeleka shule ndio huohuo uliopiga. Mpende akiwa mzima, si nusu.

Na yule mama akirudi, hata kama itabidi umngoje nje ya geti la ofisi, simama upande wake wa kulia umwambie, "Limeingia, mama."