Kwa Mama, Fundi Cherehani, Mwenye Kidimbwi cha Vyura

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoinamisha kichwa juu ya cherehani yako, tukadhani umesinzia.

Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yako. Mteja akikosa kitambaa cha kutosha ulimwambia, "Lete hivyo hivyo, mkasi wangu una huruma." Hukuweza kumwona mtoto amekatika kifungo ukampita. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yako siku zote.

Na nyuma ya nyumba ulikuwa na kidimbwi chako. Kilianza kama kona iliyobonyea ikatuamisha maji ya mvua; wewe ukaichimba, ukapanda matete, ukapanga mawe pembeni. Kila alfajiri ulikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, na daftari lako la vipimo mapajani. Ndiyo maana ukurasa mmoja unasomeka, "Mwalimu wa hesabu, kiuno inchi thelathini na nane, kanenepa," na chini yake, "Chura wa kijani, mgeni, ana mstari mgongoni. Ndege mdiria kaja, kaondoka na njaa."

Vyura uliwajua kwa sauti. Yule mnene ulimwita Mwenyekiti, kwa sababu akianza kusema wengine wote hunyamaza, na hasemi la maana.

Sisi tuliona aibu. Mtaani walikuita Mama Vyura, na tulipokusikia ukiitika kwa kicheko tulitamani ardhi ipasuke itumeze.

Ulipolazwa kwa upasuaji wa tumbo, kitinda mimba wako alikuwa akitarajia wageni, wazazi wa mchumba wake. "Wakwe zangu wapokewe na vyura?" alisema. Hatukubishana. Tulileta kifusi, toroli kumi na moja, tukafukia. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumemaliza.

Uliporudi, mkono umeshika mshono, ulikwenda nyuma ya nyumba kabla hata ya kukaa.

"Wanangu, kumetokea nini hapa?"

Mimi, kifungua mimba wako, ndiye niliyejibu. "Bwana Afya alikuja, Mama. Amesema ni mazalia ya mbu. Tungekataa, tungeshtakiwa." Wadogo zangu wakaitikia kwa vichwa.

Hukulia. Ulitazama juu. Kwenye tawi lililoinamia pale palipokuwa na maji lilining'inia povu jeupe, mayai ya vyura. Viluwiluwi wakikomaa hudondoka kutoka humo moja kwa moja majini. Sasa chini palikuwa na kifusi kitupu.

"Leteni beseni," ukasema. "Hawa hawana habari."

Siku nne ulilinda beseni lile. Walipodondoka uliwabeba kwenye ndoo hadi kijito cha nyuma ya shule, mshono haujapona. Hakuna kati yetu aliyekupokea ndoo.

Wiki iliyofuata ulivaa gauni lako la buluu, ukachukua daftari, ukatoka bila kuaga. Uliporudi ulisema tu kwamba jua ni kali. Tukadhani yamekwisha.

Siku ya mazishi yako alikuja mtu tusiyemjua, akatushika mikono. Alikuwa Bwana Afya. Alitueleza kwamba ulimfuata ofisini ukamfungulia daftari, ukamwonyesha siku baada ya siku jinsi kereng'ende na vyura wanavyokula mbu. Ukamwambia humlaumu, ila safari nyingine aulize kwanza.

"Nikamwambia sijawahi kufika kwake," alisema. "Akafunga daftari, akasema, 'Basi nisamehe, baba. Na usije ukawaambia wanangu kwamba nilikuja. Wataaibika.' Nimejaribu kukaa nalo. Nimeshindwa kumzika nikiwa nalo."

Miezi minane ulijua, Mama. Miezi minane ulitupakulia chakula, ukatuuliza tumeamkaje, ukamshonea kitinda mimba wako gauni la harusi, shanga moja baada ya nyingine. Picha za harusi ile tunazo. Upo katikati yetu, unacheka. Hakuna aliyethubutu kuzitundika ukutani.

Kidimbwi tumekichimba upya. Maji yametuama tangu mvua za kwanza, na kereng'ende wanakuja. Vyura bado hawajatuamini.

Lililobaki tunalisema hapa mbele ya majirani, maana nao tuliwaambia uongo ule ule. Bwana Afya hakuwahi kufika kwetu. Kidimbwi cha mama yetu tulikifukia sisi wanawe, yeye akiwa kitandani hospitalini. Bwana Afya, tunakuomba radhi. Mama, ulitaka kutufichia aibu hii, nasi tumekuachia uibebe peke yako hadi kaburini. Tusamehe.

Unakumbukwa na wanao watatu: mimi dereva wa lori niliyeandika haya, mdogo wangu fundi bomba aliyesukuma toroli, na kitinda mimba wako pamoja na mumewe. Unakumbukwa na dada yako wa pekee, ambaye tangu asikie habari hii hajazungumza nasi, na tunamwelewa. Unakumbukwa na wote uliowavisha.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Mama, na kila tutakapokutaja tutausema ukweli.