Chumba cha Rubani cha Baba Mdogo

Ilemela, Mwanza
2 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Nakuandikia kukuomba ile ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande, ambayo marehemu Baba Mdogo Shimba aliiacha bila kuimaliza. Nimechagua barua badala ya simu kwa kuwa ombi lenyewe lina uzito, nami nisingependa kulitoa kwa haraka.

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe na mdogo wangu Hellen mu wazima, na kwamba mpunga umeingia ndani salama. Mimi sijambo.

Tarehe 17 Julai nimeitwa kwenye usaili na kampuni moja inayotengeneza ndege ndogo hapa Mwanza. Tumeagizwa kila mmoja aje na kazi moja ya mikono yake. Wengi watakuja na michoro ya kompyuta. Mimi nikifika na Dakota iliyokamilika, ndege ya aina ileile ambayo Baba Mdogo alijifunzia kufungua injini, nina hakika nitakumbukwa. Naahidi kuirejesha kabla ya misa ya kutimiza mwaka wake, mwezi wa nane.

Mwanao mtiifu,
Nathaniel Luhaga, Shahada ya Uhandisi wa Mitambo


Magu
7 Juni 2025

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mguu unanisumbua asubuhi. Mpunga umeingia, si mwingi. Barua yako alinisomea Hellen. Alipofika kwenye ile shahada alicheka mpaka akakaa chini: "Mama, sasa huyu tumwamkie sisi?"

Ndege anakuletea Suzana, yule anayeleta mchele huko kwenu. Hellen ameifunga mwenyewe kwenye kitenge changu, hakutaka mtu mwingine aiguse. Mambo ya ndani yake mimi siyajui. Najua tu kwamba kila alipomaliza kipande alikuwa anatuita wote tukaangalie. Mabawa hayajabandikwa, na bodi bado ni nusu mbili.

Anzia pale alipoishia. Uitunze.

Mama yako mdogo,
Paskazia


Ilemela, Mwanza
29 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Nina furaha kukuarifu kwamba ndege imekamilika, tena kwa kiwango ambacho Baba Mdogo mwenyewe asingekitarajia.

Nilipozichunguza zile nusu mbili niligundua kwamba udhaifu wake mkubwa ulikuwa chumba cha rubani. Mita za dashibodi zilichorwa zikiwa zimepinda, rangi ilivuka mistari, na kiti kimoja kililala upande. Kwa heshima zote kwa marehemu, hakuna msaili ambaye angekitazama asicheke. Hivyo niliagiza kutoka nje chumba kingine, kilichomiminwa kwa rezini, utomvu mzito unaoganda kama plastiki, ambacho kila swichi yake inaonekana.

Kukiingiza si kazi ya kubandika tu. Rezini huja imeshikana na tofali lake la kumiminia, yaani bonge la ziada linalobaki chini yake. Nililikata kwa msumeno mwembamba, nikapiga msasa ndani ya maji, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Hata hivyo bodi ilikataa kufunga, ikabaki wazi kwa unene wa kucha. Kwa siku nne nilikwangua kuta zake za ndani, nikijaribisha na kukwangua tena, mpaka mwanga wa dirishani ukawa unapenya kwenye plastiki. Ndipo nusu mbili zilipokutana bila ufa, nikazigandisha.

Kile cha zamani nilikitoa kwa koleo dogo la kubania. Gundi yake ilikuwa kali, kikavunjika.

Mwanao mtiifu,
Mhandisi N. Luhaga


Ilemela, Mwanza
10 Julai 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Siku kumi na moja zimepita sijapata jibu. Suzana anasema Hellen aliisoma barua yangu kwa sauti pale mlangoni, akaiacha kabla ya mwisho, nanyi mkaingia ndani bila kumuaga. Nimempigia Hellen mara kadhaa, hapokei.

Kama kuna mgonjwa, tafadhali nijulishe.

Mwanao,
Nathaniel


Magu
13 Julai 2025

Nathaniel,

Hatuumwi.

Baba yako mdogo alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulikufa. Wewe ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Tulikupigia, ukasema una utafiti. Tulipokupigia tena ukasema una mitihani. Ulikuja siku ya kuzika.

Kile chumba alikitengeneza baada ya kiharusi, kwa mkono wa kushoto, miezi mitano. Hellen alikuwa anamshikia dashibodi, yeye anachora. Mita moja, siku nzima. Ikipinda anasema, "Rubani wangu ameinamisha kichwa, yeye anaiona imenyooka." Basi tunacheka wote, na yeye anacheka kwa upande ule mmoja wa mdomo uliobaki.

Hicho ndicho ulichoandika kwamba msaili angekicheka. Hellen alisoma mpaka kwenye koleo, akaiweka barua chini. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako.

Viko wapi hivyo vipande?

Paskazia, mjane wa Shimba


Ilemela, Mwanza
18 Julai 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa ndefu, zenye maelezo mengi, nimezichana. Nimekosa. Sikuja alipougua, na kwa kuwa sikuja, sikujua nilichokuwa nimekishika.

Dashibodi ipo, imevunjika mara mbili. Viti vyote vipo. Sakafu niliitupa, na gari la taka limeshapita. Hata kama ningekuwa na kila kitu, kuta nimezikwangua; hakuna kitakachoshika tena mahali pake. Na kukitoa kile cha rezini, lazima bodi ipasuke.

Jana nilikwenda kwenye usaili nikiwa na ndege. Wasaili watatu waliipokezana. Mama mmoja alichungulia kwa tochi, akasema, "Hiki chumba cha rubani ni cha ajabu. Umekitengeneza wewe?"

Nikasema nimekinunua.

"Na kilichokuwemo?"

Nikamweleza kilikuwa cha nani, na nilikitoa vipi. Aliirudisha ndege mezani taratibu, akaniuliza kuhusu vilainishi vya injini. Wamesema watatupigia.

Sijui kama niilete ndege ilivyo, niipasue kwanza, au nisije kabisa. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya.

Mwanao, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,
Nathaniel


Magu
22 Julai 2025

Nathaniel,

Marahaba. Mguu una nafuu.

Usiipasue. Wala usitengeneze kitu kingine chochote cha kunifurahisha. Funga vipande vyote kwenye karatasi, uje navyo, na ndege ilivyo.

Barua yako safari hii nimemsomea Hellen mimi, kwa kudonoadonoa, maana mwandiko wako mdogo unanisumbua macho. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza akasema, "Huyu anakuandikia wewe tu. Aliyekuwa anashika dashibodi ni mimi. Aje anieleze mimi, ana kwa ana, bila karatasi."

Kama atakusamehe sijui, na sitamshauri. Mimi nitakuwa jikoni. Njoo Jumamosi hii, tarehe 26, saa tatu kamili asubuhi. Saa tano anakwenda mazoezi ya kwaya, na amesema hatakusubiri.

Mama yako mdogo,
Paskazia