Foronya za Profesa

Jumanne, 14 Novemba 2006, Wembley. Mvua toka alfajiri. Nawaandikia nyie wa kwetu, mnisamehe nikikosea kuandika.

Mzee ninayemtunza siku tatu kwa wiki kule Kingsbury ni profesa wa Kiaustria, mjane, miaka themanini na mbili, na umri wake wote kaumaliza kwenye historia ya Waarabu. Yumo kwenye kitabu chake cha mwisho, juu ya makadhi wa zamani wa Yemen. Kompyuta haitaki. Anaandika kwenye vikadi, kwa Kiarabu, kila kadi habari moja, kwa hati nzuri kuliko ya mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha msahafu.

Sasa mie na karatasi ya Kiarabu, wenyewe mnajua tulivyolelewa. Haitupwi jaani, pengine pana jina la Mungu. Wiki yangu ya kwanza tu nilikuta bahasha iliyochanwa kwenye kapu lake la taka, ina Bismillahi juu. Nikaiokota, nikaibusu, nikaigusisha kipaji cha uso, nikaitia mkobani. Profesa aliniona. Akatabasamu.

Toka siku hiyo kila cha Kiarabu nilichokikuta kapuni nilirudi nacho nyumbani, nikakitia kwenye foronya juu ya kabati. Miaka mitatu. Mwaka huu ndiyo vilizidi, siku nyingine kadi kumi, siku nyingine ishirini. Foronya zikawa tatu. Nikasema moyoni, mzee anapunguza uchafu.

Mtaniuliza, hukuzisoma? Nilizisoma. Nimekhitimu msahafu mara mbili, hakuna herufi inayonishinda. Lakini Kiarabu chenyewe sikijui, natamka tu. Maisha yangu yote nimeona haya kulisema hilo.

Leo asubuhi kaja binti yake, Greta. Kakaa chini mbele ya kabati la kadi, kafungua droo moja moja. Ziko kumi na mbili, tatu tu ndizo zina kitu. Akaniambia baba yake siku hizi anasahau, daktari kathibitisha, na kitabu kizima kilikuwa humo, hakina nakala. Akaniuliza kama nimemwona mtu akizichukua.

Nikasema sijaona.

Yarabi, ulimi ulisema wenyewe. Niliona kazi imekwenda, nikajiona naitwa mwizi, mie nisiyewahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Na ejensi walioniajiri wametuandikia wazi, kitu cha mteja hakitoki nyumbani kwa mteja.

Nikakimbilia jikoni kupika chai, nikampelekea Profesa dirishani. Alikuwa na kadi mkononi, wino haujakauka. Akainama polepole na kiuno chake kile kibovu, akaiweka kapuni. Hakuirusha, aliiweka. Kisha akanitazama, akasema kwa sauti ya chini binti yake asisikie:

"Chukua na hii, Zuhura. Mimi napoteza kila kitu. Wewe hutupi."

Kumbe mzee alijua! Kaona akili inamtoka, kaihofia kazi yake, kaangaza nyumba nzima ni wapi karatasi inaheshimiwa, kaona ni kwangu. Kila kadi aliyoitia kapuni alikuwa ananikabidhi. Amana, jamani. Na mie nikidhani naokota taka.

Foronya moja sinayo.

Kiangazi mume wangu alisema tufanye kama kwetu, tuyape bahari makaratasi haya. Tukachagua iliyojaa zaidi, ile ya kadi za mwanzo wa mwaka. Tukaenda Southend pwani na watoto, tukatia mawe ndani, tukafunga kwa kamba, tukaizamisha mwisho wa gati. Niliisomea Fatiha. Kisha tukala chipsi, nikarudi nyumbani roho kwatu, nimefanya jambo la heri.

Mbili zilizobaki nimezishusha, zipo hapa kitandani. Binti yangu Salma kapita mlangoni, kaniuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake kwa nini nalia. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni vitunguu. Nilikuwa sijaingia hata jikoni.

Kesho si siku yangu ya kazi, lakini nitapanda basi la mapema na foronya zangu mbili. Greta nitamwambia nilisema uongo. Akitaka kuniita mwizi, aniite. Kazi ikienda, na iende. Hilo naliweza.

Profesa ndiye simuwezi. Nitamtazamaje akinyoosha mkono kupokea zilizobaki? Toka nirudi nimeswali mara mbili, na mara zote mbili dua iliyonitoka ni moja, Mungu anisamehe: kwamba amana hiyo nayo awe ameisahau.