Kikombe Chenye Tundu

Mama,

Unanijua nikikasirika: nafua, nasugua, sisemi. Leo nitasema.

Ninafanya usafi kwenye eneo la ujenzi katikati ya London. Wanataka kusimamisha jengo refu pale. Walipochimba msingi wakakuta makaburi ya Warumi, na kazi yote ikasimama. Mama, katapila zilizimwa! Wataalamu wakaja na hema, wakapiga magoti kwenye tope, wakaanza kuipangusa mifupa ya mwanamke mmoja kwa brashi ndogo, taratibu kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Kando ya kichwa chake palikuwa na kikombe cha udongo kilichotobolewa kitako. Binti mmoja mtaalamu aliniambia wanabishana tundu lile lina maana gani. Nikabaki na ndoo yangu mkononi. Kikombe chako nilikitoboa mwenyewe kwa msumari, kile cha bati chenye ukingo wa buluu, kabla hatujakiweka juu ya kaburi lako, ili mwizi asikitamani. "Kikombe changu kinajua mdomo wangu," ulikuwa ukisema ukitunyang'anya. Nikarudi kwenye kusugua kwangu.

Wiki ileile Bahati alinitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani. Sikuufungua. Unamjua mwanao, nikadhani ni shida zake za kila siku, nitamsikiliza Jumapili. Jumapili, nikiwa ndani ya basi la kurudi Barking ninakokaa, kutoka kanisani, nikamsikia: "Yaya, mukubwa wangu, katapila ya barabara mupya inafika ku makaburi siku ya ine. Tumuhamishie Mama wapi? Nangojea neno lako."

Siku ya ine, Alhamisi, ilikuwa imeshapita. Yeye ni mdogo, hawezi kukugusa kabla mkubwa hajasema, ndivyo ulivyotulea. Akangoja. Katapila haikungoja.

Sasa barabara yao inapita pale ulipolala, na udongo wa makaburi yote wameumwaga pamoja bondeni. Huyu Mrumi ana sanduku, ana namba, ana watu wanaoulizana alikuwa akila nini. Hana hata mtoto wa kumlilia. Wewe unao wawili, na tumekupoteza. Nawachukia hawa watu kwa upole wao, Mama, na najua hawajanikosea lolote. Aliyekuacha ni mimi, na simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Bahati anashuka bondeni kila siku kukitafuta kikombe. Kikipatikana, tutajua pa kuanzia. Nimemwambia achimbe kwa mikono, asitumie jembe.

Jana yule binti alitupa brashi iliyochakaa kwenye pipa la taka. Nimeiokota, nimeiosha, nimeifunga kwenye kitenge. Likizo yangu ni mwezi wa nane. Mimi pia nitapiga magoti.

Lala, Mama, popote walipokumwaga. Bahati alikuwa akingoja neno langu. Neno lenyewe ni hili: nakuja.

Mwanao wa kwanza,
Furaha